Kros za Propela: Somo kwa Kamati Zinazotunza Gari la Zamani



Somo la robo hii linahusu kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Mafundi wanakiita kros. Ni kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, na kila ncha yake imevikwa kikombe kidogo. Makazi yake ni kwenye propela, yaani lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu ya injini kwenye difu ya nyuma. Wanakamati wengi wanaotunza gari la parokia hawajawahi kukiona. Watakiona siku kitakapokatika, na siku hiyo mara nyingi huwa ya masika, jioni, na ndani ya gari kuna mgonjwa.

Tunaandika tukifikiria gari letu wenyewe. Ni Land Rover 109 ya zamani, ya aina ambayo ilikoma kuundwa mwaka 1985. Tulipewa na wahisani ikiwa imeshafanya kazi kwa miaka mingi, na hadi leo inalala kwenye ua wa ofisi yetu Kibaoni. Inabeba wauguzi wa huduma ya mkoba, makasha ya chanjo na mizani ya watoto, na mara kwa mara hurudi na mama mjamzito anayepelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara. Kros zake tumezibadilisha wenyewe zaidi ya mara moja, hapo hapo uani, chini ya mwembe. Zipo siku tulizofanya vizuri, na ipo siku moja uzembe wetu ulikaribia kumuua kijana wetu. Tutaeleza yote, maana kamati inayojifunza kwa makosa ya wengine hupunguziwa gharama.

Kwa nini bonde letu linakula kros

Wanaoijua Kibaoni wanajua ni njia panda. Barabara kutoka Kidatu inafika hapo. Ukinyoosha unaingia Ifakara mjini na kuendelea Kivukoni, Lupiro hadi Mahenge au Malinyi, na ukikata upande mwingine unaelekea Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba. Wahisani waliotutembelea zamani wanakumbuka vumbi na mashimo ya njia ya Kidatu, na wanakumbuka pantoni ya mto Kilombero, ambapo gari lilishuka ukingoni kwenye tope kabla ya kupanda chomboni. Leo njia ya Kidatu ina lami, na tangu mwaka 2018 tunavuka mto kwa Daraja la Magufuli. Basi wengine wanatuuliza, je, bado mnahitaji gari zito?

Jibu ni kwamba akina mama wa huduma ya mkoba hawakai kwenye lami. Wanakaa kwenye vitongoji vya mashamba ya mpunga, upande wa chini, kwenye nchi ambayo kwa asili ni ya maji. Bonde la mafuriko la Kilombero liliorodheshwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na sisi tunaolipita na gari tunajua maana yake bila kusoma mkataba. Mwezi Machi hadi Mei maji yanatambaa, udongo mweusi unageuka uji, na gari linakwenda kwa gia ndogo huku propela ikizunguka ndani ya maji.

Sasa fikirini kros iliyozunguka saa mbili imepata moto. Ghafla inatumbukia kwenye maji ya baridi. Hewa iliyo ndani ya vikombe inasinyaa, na kama sili za raba zimechoka, maji yenye mchanga yananyonywa ndani. Humo kwenye kikombe hakuna nafasi ya kitu kingine zaidi ya grisi na sindano, yaani vijiti vyembamba vya chuma vilivyopangwa duara kama watu wanaocheza ngoma. Maji yakiingia, grisi inaoshwa, na kutu inaanza. Tena sindano hizo hazizunguki kama beringi ya gurudumu. Zinacheza mbele na nyuma mahali pamoja, mwendo mdogo tu, na zikikosa grisi zinachimba mifereji kwenye shingo ya kros. Mifereji ikishachimbwa, hakuna grisi ya dunia hii itakayoirudisha kros ile kuwa nzima.

Namna gari linavyotoa taarifa

Katika magari yote tuliyoyahudumia, hatujaona kros iliyokatika bila kwanza kusema. Tatizo ni kwamba dereva husikia, akazoea.

Taarifa ya kwanza kwa kawaida ni mlio mwembamba kama wa ndege, tiki-tiki-tiki, unaosikika gari likienda taratibu kando ya ukuta na madirisha yakiwa wazi. Hiyo ni kros kavu. Ya pili ni mgongo mmoja mzito chini ya sakafu, "ko!", dereva anapoachia klachi au anapobadilisha kutoka gia ya nyuma kwenda ya kwanza. Mgongo huo unaweza kutoka kwenye difu pia, kwa hiyo usinunue kitu kabla ya kuingia chini na kutazama. Ya tatu ni mtikisiko unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, ambao abiria wa nyuma huusikia kwenye makalio kabla ya dereva kuusikia mikononi. Anayekaa nyuma kwenye gari la parokia ni muuguzi au mgonjwa, na wote wawili kwa heshima hawapendi kulalamika. Waulizeni.

Ukaguzi wa macho ni rahisi. Tazama pembezoni mwa kila kikombe. Ukiona unga mwekundu kama wa tofali lililosagwa, hiyo ni kutu inayotoka ndani, na kros hiyo imekwisha hata kama bado haipigi kelele. Kisha shika propela kwa mkono mmoja na uma wa mwisho wake kwa mkono mwingine, uzungushe kwa kupinganisha. Kros nzima haina mchezo wowote. Ukisikia hata kidogo sana kinacheza, andika kwenye daftari la gari na uweke tarehe ya kubadilisha.

Tarehe, si nia. Sisi tulikuwa na nia kwa miezi mitatu. Propela ikikatika upande wa mbele, ncha yake huanguka na inaweza kuchoma ardhi gari likiwa kwenye mwendo. Ikikatika nyuma huanza kupiga kila kitu kilicho karibu, bomba la breki na tangi la mafuta vikiwemo. Kwetu ilikatika upande wa nyuma, kwa bahati njema kwenye tope na kwa mwendo wa mtu anayetembea, tukirudi kutoka vijiji vya chini ya Mngeta. Mama mmoja aliyekuwa kwenye uchungu alimaliza safari kwenye trekta la mpunga lililopita baada ya saa moja na zaidi. Alijifungua salama. Hatuandiki hilo kama faraja. Tunaliandika kwa sababu kros iliyotufanyia hivyo ilikuwa na unga mwekundu tangu kabla ya Krismasi na watu watatu kati yetu walikuwa wameuona.

Gari lililotembea peke yake

Baada ya tukio hilo tulivuta gari hadi Kibaoni, tukaagiza kros mbili, tukaamua kuzifunga wenyewe. Kijana mmoja wa jumuiya, aliyesomea ufundi wa magari VETA, alijitolea. Dereva akaegesha gari chini ya mwembe, akavuta breki ya mkono hadi mwisho, akaweka gia ya kwanza, akazima. Kila kitu kama alivyofundishwa.

Shafti iliyokatika ilikuwa bado imefungwa upande wa mbele tu, kwa hiyo siku ile gari lilikuwa limesukumwa mahali pake na watu na kuegemezwa kwenye tofali moja. Tulipomaliza kufunga kros mpya na kurudisha propela, tukagundua tumepishanisha alama. Kijana akaingia tena chini, na mtu mmoja wetu akiwa anafagia akaliondoa lile tofali. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa, nani alihitaji tofali? Kijana akalegeza nati nne za nyuma, akaigonga flenji kwa nyundo, propela ikaachia. Na gari likaanza kutembea.

Lilikwenda mbele hatua tatu au nne, polepole, kama ng'ombe anayejua njia, likasimama lilipogonga shina la mwembe. Kijana alikuwa amelala urefu katikati ya magurudumu, ndiyo maana yu hai. Shafti iliyoning'inia ilimchubua paja.

"Mwanangu, umeumia?" Mama mwenyekiti aliuliza akiwa amepiga magoti.

"Hapana mama, ni ngozi tu. Lakini breki si imevutwa?"

Ilikuwa imevutwa, na hapo ndipo penye somo ambalo kila kamati yenye gari la aina hii inapaswa kulibandika ukutani. Kwenye Land Rover hizi breki ya mkono haikai kwenye magurudumu. Ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya transfa, nayo hushika magurudumu ya nyuma kwa kupitia propela. Ukiiondoa propela, breki inashika dramu na dramu inashika hewa. Kuweka gia nako hakusaidii, kwa sababu nguvu ya gia hupita njia ile ile. Hata gari likiwa na propela yake, ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu gurudumu hilo lizunguke na lile la chini lijiviringishe, na breki ya mkono imevutwa vilevile. Baadhi ya Land Cruiser za zamani zina mpango huo huo. Kwenye magari mengi ya sasa breki ya mkono iko kwenye magurudumu yenyewe, na mafundi vijana waliojifunzia magari hayo hawana sababu ya kujua tofauti hii mpaka waambiwe.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu ambao hauna msamaha kwa mtu yeyote, hata Baba Paroko akiwa na haraka. Gari linafanyiwa kazi mahali tambarare. Magurudumu yote manne yanawekewa kabari za mbao ngumu, mbele na nyuma. Anayeingia chini haweki kabari zake mwenyewe: huwekwa na mtu wa pili, na mtu huyo haondoki mpaka aliye chini atoke. Gari halilaliwi chini likiwa limebebwa na jeki peke yake. Kwa kubadilisha kros za propela ya nyuma, Land Rover haihitaji kunyanyuliwa kabisa, pana nafasi ya kutosha mtu kulala. Kwa hiyo jeki ibaki stoo.

Kazi yenyewe

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, osheni sehemu ya chini kwa maji na brashi, kisha pakeni mafuta mepesi kwenye nati nane, nne kila mwisho wa propela, zilale nayo. Asubuhi, kabla ya kulegeza chochote, wekeni alama ya rangi au ya patasi inayopita kwenye flenji zote mbili kila mwisho, ili propela irudi ilivyokuwa. Nati hizi zinachukua spana ya inchi, tisa ya kumi na sita. Spana ya milimita 14 inakaribia kuingia, na wenye nguvu wanaweza kuilazimisha. Usikubali, maana ikivunja pembe za nati mtamaliza siku nzima na msumeno.

Propela ikishatoka, ibebeni watu wawili na kuiweka juu ya meza. Angalieni alama au mishale kwenye sehemu mbili zinazoingiliana na kuteleza. Kama haipo, wekeni yenu hapo pia. Sababu yake ni nzuri na inafaa kuelezwa, kwa kuwa hapa ndipo tulipokosea siku ile.

Kros moja, ikizungushwa ikiwa imepinda, haitoi mwendo laini. Upande mmoja ukizunguka kwa kasi isiyobadilika, upande wa pili huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Kiungo hiki cha msalaba kina jina la Mwitalia Gerolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa karne ya 16, na pia la Mwingereza Robert Hooke aliyekishughulikia karne iliyofuata. Dawa ya ubaya wake ni kuweka kros mbili, moja kila mwisho, na uma zake mbili za bombani zielekee upande mmoja. Hapo haraka ya kros ya kwanza inafutwa na uchelewaji wa ya pili. Ukizipishanisha hata jino moja la mtelezo, kinachofika kwenye difu ni mtikisiko, na kros mpya ulizonunua kwa fedha za waamini zinaanza kufa siku hiyo hiyo.

Kutoa kros ya zamani kunahitaji jiliwa lililofungwa imara, soketi moja ndogo kuliko kikombe na nyingine kubwa kuliko kikombe. Kwanza toeni klipu nne zinazozuia vikombe. Mara nyingi zimeganda na kutu, basi safisheni mfereji wake na kugonga kikombe kidogo kuelekea ndani ili klipu ilegee. Kisha soketi ndogo isukume kikombe cha upande mmoja, na cha upande wa pili kitokee ndani ya soketi kubwa. Asiye na jiliwa anaweza kufanya kwa nyundo na kipande cha bomba, tumewahi kufanya hivyo, ila nyundo ipige uma, isiguse bomba la propela. Bomba hilo ni jembamba kuliko linavyoonekana, na likibonyea propela haina tena usawa.

Kagueni kros mpya kabla ya kuifunga. Vueni vikombe vyote kwa upole na kuangalia kama sindano zimejaa duara bila pengo na sili ni laini. Tulishawahi kununua iliyokuwa na pengo la sindano moja, muuzaji akasema ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo.

Sehemu inayotaka subira ni kuingiza vikombe. Pakeni grisi ndani ili ishikilie sindano, ingizeni kikombe cha kwanza nusu, pitisheni kros ndani yake, kisha kikombe cha pili upande wa pili, na wakati jiliwa linasukuma mtu mmoja awe anaichezesha kros huku na huku ili shingo zake zikae ndani ya vikombe vyote viwili. Kikombe kikigoma kabla mfereji wa klipu haujaonekana, simameni. Karibu kila mara ni sindano moja imeanguka na kulala chini ya kikombe. Kitoeni, kiinueni sindano, muanze upya. Sisi tuliongeza nguvu, kikombe kikapasuka, na gari likakaa siku mbili zaidi likisubiri kros nyingine ije kwa basi kutoka Morogoro.

Klipu zikishakaa zote nne, kros ichezeshwe kwa mkono. Inatakiwa kwenda pande zote kwa uzito ulio sawa, bila mchezo na bila kukwama. Ikiwa ngumu upande mmoja, gonga masikio ya uma taratibu kwa nyundo ya raba au kwa kipande cha mti, vikombe vitarudi nje hadi kwenye klipu zake. Hakikisheni nipeli ya grisi imeelekea mahali ambapo pampu itafika gari likiwa limefungwa kila kitu. Hili husahaulika sana, na adhabu yake ni kwamba kros hiyo haitapata grisi tena maishani mwake. Pigeni pampu mpaka grisi mpya ichungulie kwenye sili zote nne. Ikitoka kwenye tatu tu, ile ya nne ndiyo itakayoanza kufa.

Wakati wa kufunga tumieni nati mpya zenye plastiki ndani zisizolegea, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kabari zitoke mwisho, baada ya mtu kutoka chini na breki ya mkono kujaribiwa.

Yapo mambo ambayo tunawasihi msiyafanye uani. Kama masikio ya uma yamepanuka hata kikombe kipya kinaingia kwa kidole, kama meno ya mtelezo yanacheza, kama bomba limebonyea au vile vibati vidogo vya kusawazisha vimeng'oka, propela hiyo iende kwa fundi mwenye mashine ya kukereza na kusawazisha, au inunuliwe nyingine. Kros mpya kwenye uma uliochoka ni fedha iliyotupwa mtoni.

Neno kwa wenye magari madogo

Baadhi ya wanakamati wametuuliza kuhusu Corolla na Starlet zao, ambazo nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Hizo hazina propela. Zina shafti mbili fupi, na viungo vyake ni vya aina nyingine, vyenye gololi zinazotembea kwenye mifereji, vilivyofunikwa kwa raba yenye mikunjo kama kinanda cha mkono. Maisha ya kiungo ni maisha ya raba hiyo. Ikipasuka, grisi inarushwa nje, mchanga unaingia, na baada ya muda utasikia tak-tak-tak ukikata kona. Chungulieni raba kila mwezi, mbadilishe ilipoanza kupasuka, kabla ya kelele. Ila kuitoa shafti yenyewe kunahitaji kulegeza nati kubwa ya habu iliyokazwa kwa nguvu nyingi, na gari liko juu. Wasio na stendi imara na uzoefu wampelekee fundi.

Fedha, daftari na wahisani wetu

Tunafika mahali ambapo tunaomba kuzungumza kwa uwazi. Katika maombi ya miradi tuliyoandika miaka yote, tulijua kuomba gari. Hatukujua kuomba grisi. Wahisani nao walijua kutoa gari, na picha ya kukabidhi ufunguo ilipendeza kwenye jarida. Hakuna aliyepiga picha ya pampu ya grisi. Matokeo yake, kros tuliyonunua kwa bei ndogo kuliko dizeli ya safari moja ya Mlimba kwenda na kurudi ilichelewa miezi mitatu kwa sababu haikuwa na kifungu kwenye bajeti, na kila aliyeulizwa alisema tusubiri kikao.

Sasa bajeti ya gari ina kifungu cha matunzo kinachosimamiwa na watu wawili, dereva na mtunza hazina, bila kusubiri kikao, kwa kiwango kilichopitishwa mwanzoni mwa mwaka na kwa stakabadhi. Stoo kuna kros mbili zinazosubiri, zimefungwa kwenye nailoni na kupakwa grisi. Hizi tulimtuma mtu anayekwenda Dar es Salaam azinunue maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo, akiwa na kros ya zamani mkononi kama kipimo, maana jina la gari peke yake halitoshi. Zipo za vipimo vinavyofanana kwa macho lakini vikombe havilingani.

Daftari la gari limeongezewa safu moja. Kiangazi dereva anapiga grisi kwa kufuata kilomita za kitabu cha gari. Masika kitabu hakitoshi: kila safari iliyoingia kwenye maji inaandikwa kwa herufi M, na kila M inadai grisi kabla ya safari nyingine. Grisi mpya husukuma nje maji yaliyoingia; mara ya kwanza tulipofanya hivyo kilichotoka kilikuwa cheupe kama maziwa yaliyoganda, na wanakamati waliokuwepo walielewa kwa dakika moja kitu ambacho tungekieleza kikaoni kwa saa nzima.

Wapo wahisani wanaotuuliza kama si afadhali kuachana na gari la zamani. Kwa heshima, tunaona swali hilo lina haki yake. Gari hili linakunywa mafuta, halina starehe, na ipo siku chesisi yake itachoka. Lakini gari jipya nalo litapita kwenye maji yale yale, na kamati iliyoshindwa kupiga grisi nipeli tatu za propela haitaokolewa na gari jipya. Tungependa kwanza mtuone tumetunza hili. Anayetaka kusaidia robo hii, mahitaji yetu ni madogo: jiliwa moja zuri, seti ya spana za inchi, na grisi ya mwaka mzima kwa parokia tatu zenye magari ya aina hii.

Kijana wetu amepona paja na sasa ndiye anayeshika mbao za kabari wakati mwingine anapoingia chini. Kros za mwisho tulizifunga siku ya Jumanne. Alhamisi gari lilikwenda Mbingu na kurudi na huduma ya mkoba, herufi M mbili kwenye daftari. Jioni ile, kabla ya kuoga, dereva aliweka kabari, akamwita mtu wa pili, akaingia chini na spana kukagua nati nane kama tunavyotakiwa kufanya baada ya safari ya kwanza. Saba hazikusogea. Moja, ya upande wa difu, ilikubali robo ya mzunguko.